Tulivyogombea Urais Katika Ukumbi wa Panda

Uchaguzi wenyewe haukuja. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu zangu, nikiwasimulia, huniuliza haraka nani alishinda, nami hukasirika kabla hadithi haijafika popote. Hakushinda mtu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliambiwa kwamba vyama vingi vimeruhusiwa, mkutano mkuu wa taifa umekaa Kinshasa, na ukimalizika tutamchagua rais kwa mikono yetu. Tukaingia kwenye kampeni hata tarehe haijulikani. Sisi watu wa Likasi tukagawanyika, huyu chama hiki, yule chama kile, tukagombana kwenye bomba la maji, kwenye msiba na kwenye ngazi za kanisa, kuhusu nani atatulinda na dhidi ya adui yupi. Sanduku la kura hatukuliona. Kelele zote zile zilikuwa za arusi isiyo na bibi arusi.

Nilikuwa nakaa Panda, katika kambi ya wafanyakazi. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme kiwandani. King'ora cha asubuhi kiliendelea kulia kwa saa zake kama zamani, ila wanaume walikwenda kazini kukaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakingojea vipuri visivyokuja, na mshahara nao ukajifunza kuchelewa. Kabla ya hapo askari wasiolipwa walikuwa wamevunja maduka ya mjini wakabeba hata milango. Raia tulifuata nyuma yao kuokota masalia; sitawafanya watu wetu malaika. Tangu siku hizo kila kinywa kilikuwa na neno moja, sekirite, yaani usalama, na kila chama kiliuza sekirite yake.

Upande mmoja walisema adui ni jeshi lenyewe lenye njaa pamoja na wakubwa wake: tumlipe askari, tuweke sheria, basi. Upande wa pili walisema adui ni wageni waliojaa mkoani, na wakisema mgeni walimaanisha jirani ambaye baba yake alishuka kwenye treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba hii hii tuliyokuwa tunakula wote. Mume wangu aliegemea upande wa pili. Mimi sikuwa na chama, nilikuwa na mdomo tu.

Mdomo huo ndio ulionipeleka kwenye kundi la maigizo la kambi. Tulicheza Jumapili mchana, baada ya misa, katika ukumbi wa burudani wa wafanyakazi. Mkubwa wetu alikuwa seremala aliyekaribia pensheni, na wote tulimwita Mzee. Hatukuandika kitu. Mzee alitusimulia kisa kwa ufupi, akagawa nafasi, kisha kila mtu akaongea yanayotoka tumboni mwake. Jumapili nyingine maneno mengine. Alikuwa na desturi moja aliyoishika kama dini: nafasi alimpa mtu asiyefanana nayo. Bahili alicheza mtapanyaji, mlevi alicheza padri, na Mungu anisamehe, alikuwa padri mzuri kuliko yule wa parokia. Mzee alisema mwenye kukaa ndani ya nyumba haoni paa lake.

Basi siku moja akatukusanya akasema, "Bantu banagombana juu ya président. Na sisi tutaweka ba candidat yetu, bawili. Batabishana juu ya vita na sekirite, na raia batacheka, batapumuzika kidogo."

Mmoja angekuwa mgombea wa vita, mwingine mgombea wa amani. Nafasi ya wa vita akampa Shampundu.

Shampundu si jina, ni cheo. Ndivyo tunavyomwita baba wa mapacha, na mke wake anaitwa Nampundu. Huyu wetu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwembamba, mpole, aliyezaliwa hapo hapo Panda, nyumba chache kutoka kwetu. Baba yake alikuwa mtu wa Kasai. Yeye Kasai hakuwahi hata kuikanyaga, na lugha ya huko aliijua ile ya kusalimia tu. Nampundu alikuwa binti wa hapa, kwao ni vijiji vya njia ya Kakanda. Mapacha wao walikuwa wasichana, wanene, wenye kelele, wakitembea kambi nzima wameshikana mikono.

Kwetu mapacha wakizaliwa, wazazi wao hufunguliwa mdomo. Siku za kwanza tunawapaka udongo mweupe, tunawazunguka na kuimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, huku majirani zetu wa makanisa ya maombi wakiziba masikio na kuchungulia dirishani. Nyimbo zikiisha, ruhusa inabaki. Baba wa mapacha anaweza kuingia uani kwako akakutukana wewe na pua yako na upishi wako, na kazi yako ni kucheka, kwa sababu ukimkasirikia mzazi wa mapacha unawaletea watoto homa. Shampundu aliipenda ruhusa ile. Yule mtu aliyekuwa haongei kabla ya mapacha, sasa alipita mlango kwa mlango akigawa matusi kama mtu anayegawa karanga. Alimwambia mume wangu mbele ya wageni kwamba kwenye ndoa yetu aliyeolewa ni yeye. Mume wangu alicheka, ingawa kicheko kiliishia menoni.

Kwa hiyo Mzee alipata vyote viwili, mtu aliye mbali na vita, na mtu aliyeruhusiwa kusema lolote. Nafasi ya mgombea wa amani akanipa mimi, kwa kuwa nyumbani kwangu, alisema, amani haijawahi kulala hata usiku mmoja. Watu wote wa kundi walikubali haraka mno.

Lakini akaongeza kitu. "Mama, weye utakuwa mujinga kidogo. Bote bawili bakikuwa na akili, bantu batalala."

Nikavaa miwani isiyo na vioo, nikabeba mkoba mkubwa wa shangazi yangu, nikawa candidate wa amani anayesahau anachotaka kusema na kujikwaa kwenye kiti. Nilikubali kwa furaha. Nani hapendi kuchekesha?

Jumapili ya kwanza ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Shampundu akaingia na buti za mvua, kofia ngumu ya kiwandani na ufagio begani kama bunduki. Tulitegemea apige kelele. Hakupiga. Alipanda juu ya meza akaongea kwa sauti ya chini, ya huzuni karibu, na watu wote wakainama mbele ili wamsikie.

"Raia," alisema, "banatudanganya. Banasema vita iko ku mupaka. Vita haiko ku mupaka. Vita iko mu jikoni yako. Angaria muntu mwenye kufunika nyungu."

Akashuka mezani. Akamwendea mama mmoja wa mstari wa mbele, akamnusa mikono, akamuuliza kwa nini sombe yake, kisamvu chetu, ina harufu ya mkoa mwingine. Akamkagua padri. Akamkagua mwenyekiti wa kambi, akamwomba athibitishe kwamba kitambi chake kilizaliwa hapa. Watu walikuwa wanapigana migongo kwa kicheko. Mwisho akafika kwa mke wake mwenyewe, aliyekaa na mapacha magotini.

"Weye, mama. Nani alikuoa?"

"Ni weye," Nampundu akajibu, akijizuia asicheke.

Shampundu akafikiri sana. Kisha akageukia raia, akaweka ufagio chini, akanyoosha mikono yake miwili mbele. "Basi, munikamate," alisema. "Mukanitupe Buluo. Adui njo minye."

Adui ndiye yeye! Ukumbi ulilipuka. Gereza la Buluo kila mtu alilijua, na mgombea urais anayeomba kupelekwa huko na wafuasi wake mwenyewe ulikuwa mzaha uliotimia. Nakumbuka mume wangu, mtu wa chama cha pili, akifuta machozi kwa shati.

Zamu yangu ikafika. Nilisema, "Minye nikikuwa président, soldat atalipwa mbele ya ministre. Soldat mwenye kushiba haivunje mulango ya muntu." Halafu miwani ikaanguka, nikainama kuitafuta, nikawapa raia mgongo, wakacheka mgongo. Nikasema tena kwamba jirani anayejua mtoto wako anaumwa ni mlinzi kuliko bunduki. Nikajikwaa. Wakacheka.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Neno la haki tulimpa mjinga, na wazimu tukampa mtu mwenye kipaji kutushinda sote. Najuta jambo hilo kuliko mengi niliyoyafanya maishani, ingawa siku ile hakuna aliyeliona, na mimi nilirudi nyumbani nimechangamka, nikihesabu mara ngapi walicheka kwa sababu yangu.

Baada ya Panda tukaalikwa Kakanda. Tulikwenda kwa lori la kazi, tumekaa juu ya maboksi ya mavazi, tunaimba. Ukumbi wa Kakanda ulikuwa mdogo na watu wake walikuwa wamechoka zaidi yetu. Mgodi wao ulikuwa unakufa mbele ya macho yao. Shampundu akaingia na ufagio. Akaongea kwa ile sauti ya chini. Aliposema vita iko jikoni, mtu mmoja akasimama nyuma akasema, "Kweli." Hakusema kwa mzaha. Wengine wakapiga makofi.

Shampundu aliyumba kidogo, nilimwona. Akaongeza chumvi, akanusa watu, akatembea kama bata. Alikuwa anawatafutia kicheko. Wachache wakacheka. Alipofika mwisho na kunyoosha mikono akiomba kukamatwa, ukumbi wote ulinyamaza ukimtazama, kama watu wanaosikiliza hukumu.

Ndani ya lori, wakati wa kurudi, hakuna aliyeimba. Mzee alisema watu wa Kakanda hawana mazoea ya maigizo. Mimi nikasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, tuweke kisa hiki kando, tucheze kile cha mke wa pili. Shampundu akaniambia nimeona wivu kwa kuwa yeye anapigiwa makofi na mimi nachekwa mgongo. Ilikuwa zamu yangu kucheka, nikacheka, kwa ajili ya mapacha.

Wiki chache baadaye chama cha pili kilifanya mkutano kwenye uwanja wa mpira mjini. Mume wangu alikwenda, nami nikamfuata kwa udadisi. Msemaji alikuwa mtu aliyetoka Lubumbashi, mwenye suti nzito katika jua lile. Aliongea juu ya usalama wa nchi, akaongea juu ya rais atakayekuja na mkono wa chuma, kisha akateremsha sauti. Akasema vita haiko mpakani, iko jikoni. Neno kwa neno. Uwanja ukaitikia kwa sauti moja ile sehemu ya nyungu, maana vijana wake walikuwa wameshawafundisha watu.

Sehemu ya kunyoosha mikono hakuisema. Ile aliiacha kwetu.

Nilipomweleza Shampundu, alijitia kucheka. "Bananiiba maneno," alisema. "Banilipe." Nampundu alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Siku zile zile maneno yale ya jikoni yakaanza kuonekana ukutani, yameandikwa kwa makaa: kwenye ukuta wa soko, kwenye choo cha shule, kisha kwenye milango ya nyumba. Milango yenyewe ilikuwa ya watu wenye asili ya Kasai tu. Baada ya makaa yalikuja mawe. Familia zikaanza kuhamia madarasani na kwenye uwanja wa stesheni kungojea treni ya kuwarudisha Kasai. Kuwarudisha, ndivyo ilivyosemwa, hata kwa mtoto aliyezaliwa juzi kwenye hospitali yetu.

Mlango wa Shampundu nao uliandikwa. Nampundu aliusugua kwa majivu. Asubuhi maneno yalikuwa yamerudi. Mzee akaona aibu imemfika shingoni, akaniambia tuvae vizuri, twende kwa vijana wa chama tuwaeleze kwamba yale yalikuwa maigizo. Niliona ni wazo la busara. Tulikuwa bado tunaamini kwamba watu hawajaelewa, na kwamba wakieleweshwa wataona haya.

Mkubwa wa vijana tulimkuta chini ya turubai karibu na soko. Alikuwa mtu tuliyemjua, mteja wetu wa kila Jumapili, wa mstari wa tatu. Alituletea viti. Alimwamkia Mzee kwa mikono miwili.

"Muzee, tunajua ilikuwa théâtre," alisema. "Minye nilikuwa pale. Nilicheka mpaka machozi."

"Basi bafute ile maneno ku mulango yake," Mzee akasema. "Na mumuache muntu akae na bibi na batoto yake."

Yule kijana akatikisa kichwa kwa huruma. "Sisi tukisema, banasema tuko na roho mubaya. Lakini huyu ni mutoto yabo mwenyewe. Alisema mbele ya bantu bote, tena akanyoosha mikono bamufunge. Ameungama, Muzee. Na ni Shampundu. Muzazi ya mapacha hasemake uongo. Ile bengine banaficha, yeye anasema. Njo mila yetu."

Mimi nikasema, kwa hasira, kwamba ruhusa ya mapacha ni ya kucheka, haijawahi kuwa ya kutoa ushahidi. Akanitazama kwa upole uleule. "Mama candidate," alisema, na wenzake wakaanza kutabasamu kabla sijamaliza, "weye unatuchekeshaka sana." Kisha akamwahidi Mzee kwamba Shampundu hataguswa. Nani atathubutu kumpiga baba wa mapacha? Ataondoka kwa heshima.

Tulirudi kwa miguu. Mlangoni kwake Mzee aliniambia amefanya maigizo tangu ujana wake na hajawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kucheka mpaka machozi na bado asielewe kitu. Mimi nadhani alielewa. Nadhani alielewa vizuri sana, akachukua alichokitaka, kama mtu anayekula nyama na kukuachia mfupa. Lakini sikumwambia Mzee hivyo, alikuwa na moyo dhaifu.

Miaka michache baadaye, niseme na hili lipite, vita vya kweli vilikuja. Vilitoka mashariki, mahali ambapo katika mabishano yetu yote hakuna aliyepatazama. Askari wa serikali walivua sare zao wakaomba raia suruali za kukimbilia. Nilisimama mlangoni nikiwatafuta kwa macho wale walinzi wetu wa jikoni, wale wenye fimbo na nyimbo. Walikuwa machimboni Kamatanda, wanachimba mawe ya shaba ya kuuza. Hakuna aliyetoka hata na ufagio.

Lakini siku zile za mawe na makaa, Shampundu aliapa kwamba hataondoka. Hilo ndilo alilotaka, wala hakutaka jingine: kubaki Panda, katika nyumba aliyozaliwa, na mke wake na wasichana wake. Alisema hatupwi mtu na maneno yake mwenyewe. Na kweli hawakumgusa. Nyumba za kulia na kushoto zilivunjwa madirisha, yake ilibaki nzima. Wenye nyumba wale wakaondoka, yeye akabaki katikati ya vyumba vitupu. Kiwandani aliambiwa akae kwanza nyumbani. Kwenye bomba Nampundu alipishwa foleni, kila mtu akimpa njia, hakuna anayemgombeza. Yeye aliniambia angependa sana mtu mmoja amgombeze. Na Shampundu aliacha kutukana. Alipita mbele ya mlango wetu akatoa salamu ya kawaida, kama mhasibu.

Kaka zake Nampundu wakaja kumchukua. Walimwambia yeye ni mtoto wa hapa, hakuna atakayemgusa, wasichana pia wanaweza kufichwa kijijini. Mume aende kwao. Walikuwa wanampenda, sitawasema vibaya. Nampundu aliwapikia bukari, ugali wetu, akawaacha wale mpaka wakashiba.

"Nikibaki," aliwaambia, "bukari nitapikia nani?"

Asubuhi moja wale vijana wakaja kwa Shampundu na heshima yao. Walibisha hodi. Walimwambia treni imekaribia, afunge mizigo polepole, asisahau kitu cha watoto. Mume wangu, yule mtu wa chama cha pili, alikwenda kuazima mkokoteni, akapakia kitanda, masufuria na godoro, akausukuma mwenyewe mpaka stesheni. Kadi yake ya chama sikuiona tena nyumbani, wala sikuwahi kuuliza ilikwenda wapi.

Mimi nilibeba mfuko wa karanga na mihogo mikavu. Stesheni ilikuwa imejaa watu waliolala nje kwa muda mrefu. Kulikuwa na moshi, harufu ya vyoo vilivyofurika, watoto wenye midomo mikavu. Mlango wa kuingilia kwenye reli ulishikwa na vijana wenye fimbo. Walikuwa wanapekua mizigo na kubakiza walichotaka. Mbele yetu walimnyang'anya mama mmoja cherehani yake, akaingia akiwa ameshika kile kifuniko cha mbao tu.

Zamu ya Shampundu ikafika. Mmoja akaweka mkono juu ya godoro, kisha akamtazama usoni, na uso wake ukafunguka. "Aa, candidat," alisema. Akawaita wenzake. Wakaja mbio, wanatabasamu, wanamwamkia. Yule mkubwa wao naye akafika, akasema, "Shampundu, tuchezee kidogo mbele ya kuenda. Ile ya nyungu. Godoro utapita nayo."

Nampundu alisema kwa sauti ndogo, "Acha godoro." Shampundu aliwatazama mapacha, waliokuwa wamekaa juu ya godoro lile lile, mmoja anakohoa. Safari ilikuwa ndefu na mabehewa yalikuwa ya mizigo.

Akapanda juu ya mkokoteni. Hakuwa na ufagio wala kofia. Akateremsha sauti yake, na ile foleni yote ya watu wanaofukuzwa ikanyamaza, ikamsikiliza akiwaambia kwamba vita iko jikoni. Aliisema yote. Hakuongeza chumvi. Walipopiga makofi alinyoosha mikono yake miwili, na mkubwa wa vijana akacheka, akasema hapana, hapana, hatukufunge, enda tu.

Nilidhani amemaliza. Lakini alibaki pale juu, akanigeukia, na mbele ya watu wote akasema, kwa adabu ya jukwaani, "Raia, bado candidat wa amani. Mumusikilize na yeye. Mama, jibu."

Katika kundi letu mtu akikupa neno hulikatai. Sikuwa na miwani wala mkoba. Nilijua fimbo zile zimefanya nini. Mume wangu alinishika kiwiko. Nikautoa mkono wake. Hofu niliyokuwa nayo iligeuka hasira, na hasira kwangu ni nguo niliyoizoea.

"Minye niko candidat wa amani," nilisema. "Ninauliza raia. Huyu akienda, kesho mshahara utafika? Unga itashuka bei? Ile soldat aliiba bintu yenu, atairudisha juu ya huyu kuenda? Muliniambia adui iko mu jikoni. Minye nimeingia mu jikoni ya huyu muntu miaka yote. Nilikula mule. Batoto yangu balilala mule siku nilikuwa hospitali. Munamufukuza mulinzi yangu, halafu munaniambia ni sekirite. Muko bajinga, bote. Na minye ninaona haya kuzaliwa inchi moja na nyinyi."

Sauti yangu ilikatika mwishoni. Nilikuwa nalia, kamasi zinatoka, sikujifuta. Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno ya mgombea yule bila kujikwaa.

Wakaangua kicheko. Mmoja alijikunja akashika magoti. "Mama candidate," walisema, "oh, mama candidate, huyu mama atatuua." Walinipigia makofi kuliko siku yoyote pale ukumbini. Mkubwa wao alipangusa macho, akawaamuru wenzake wamsaidie Shampundu, na wanne wakalinyanyua godoro pamoja na mapacha juu yake, kwa uangalifu, wakiwachezesha watoto njiani, wakalibeba mpaka ndani ya behewa. Walimtafutia hata pembe isiyo na upepo. Kisha wakarudi mlangoni, bado wanacheka, wakashika mzigo wa mtu aliyefuata.